Mjusi wa Kichwa Chekundu na Jina Lisilo Lake

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakutueleza jina baya hufanya nini mchana kweupe. Lakini ukitaka kujua, ndugu msomaji, vuka feri uende Likoni, au pita daraja la Nyali uende Kisauni, au shika njia ya Makupa uende Changamwe, kisha umtazame mjusi wa kichwa chekundu anavyoishi na watu.

Kumwona si kazi. Jua likishapanda, saa tatu hivi za asubuhi, utamkuta juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe, juu ya kaburi la kale, juu ya rundo la matofali au juu ya gogo. Dume ana urefu wa futi moja hivi pamoja na mkia. Kichwa na koo ni vyekundu vya kuelekea rangi ya chungwa, kiwiliwili ni cha buluu, na mkia una pete za buluu na nyeupe. Jike ni wa rangi ya udongo, ana madoadoa, wala hana makuu. Na juu ya shina la mwembe au mkorosho yuko jamaa yake mwingine, mnene zaidi, mwenye kichwa kipana cha buluu. Huyo ukimkaribia huzunguka upande wa pili wa mti. Nawe ukizunguka, naye huzunguka, kama watoto wanaocheza mchezo wa kujificha.

Hawa wawili ndio mazungumzo yangu ya leo. Wataalamu wa elimu ya wanyama huwaweka katika ukoo mmoja mkubwa uitwao ukoo wa agama. Sisi tumewaweka katika kundi jingine kabisa, kundi la maadui wa dini, na nadhani wakati umefika tuitazame upya hukumu hiyo.

MASHTAKA MAWILI

Pale Mtongwe niliwakuta watoto waliotoka chuoni, juzuu zao kwapani, wakimpopoa mjusi wa kichwa chekundu kwa mawe. Niliwauliza kosa lake ni nini. Mmoja akanijibu, "Huyu ni kafiri, ami. Ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahimu." Mwenzake akaongeza, "Na watu wakisali huwacheza shere. Mtazame anavyoinama na kuinuka!"

Mashtaka haya si ya watoto peke yao. Wameyasikia kwa wakubwa, na wakubwa waliyapokea kwa wakubwa wao. Wala si ya Pwani yetu peke yake. Wasafiri wa Ulaya waliotembea nchi za Waturuki karne nyingi zilizopita walikuta huko mjusi wa ukoo huu huu, naye akiuawa kwa sababu hiyo hiyo: ati akitikisa kichwa huwadhihaki wanaosali. Basi kesi ni ya zamani, na mshtakiwa hajapata wakili. Mimi si wakili wala si mufti. Lakini naweza kuuliza swali ambalo kadhi yeyote huliuliza kabla ya yote: je, huyu aliyesimamishwa hapa ndiye anayetajwa katika mashtaka?

KAFIRI NI NANI?

Hadithi ya mjusi na moto wa Nabii Ibrahimu (A.S.) ni mashuhuri. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Sharik. Mnyama anayetajwa humo kwa Kiarabu ni wazagh, na kila aliyepata kusoma kidogo anamjua. Ndiye yule mjusi mdogo wa nyumbani, laini, mweupe mweupe, atembeaye darini na nyuma ya taa usiku akitafuta mbu na nondo. Kwa Kiswahili chetu ndiye hasa mjusi kafiri.

Sasa mweke huyo kando ya mjusi wetu wa kichwa chekundu, uwapambanue. Wa nyumbani hutoka usiku. Huyu hutoka na jua, na likizama amelala. Wa nyumbani ana vidole vipana vinavyonata hata juu ya kioo. Huyu ana makucha makali, na juu ya kioo huteleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Wa nyumbani hana kope za kufumba. Huyu hufumba na kufumbua macho kama wewe na mimi. Ngozi ya wa nyumbani ni nyororo kama karatasi iliyoloa. Ya huyu ni ya magamba makavu ya kukwaruza. Hizo ni tofauti nne, na yeyote mwenye macho aweza kuziona bila ya kwenda chuo kikuu.

Wanazuoni wetu wa zamani hawakuwachanganya wanyama hawa. Sheikh Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, yaani 1405 wa Miladi, alitunga kitabu kikubwa cha maisha ya wanyama, Hayat al-Hayawan, akawapanga kwa herufi kama kamusi. Wazagh utamkuta penye herufi wau. Ukitaka jamaa wa mjusi wetu, huna budi kufungua penye herufi dhadi, maana ndipo alipo dhabb.

MGENI WA SUFURIA

Dhabb ni nani? Ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba hawahitaji kuelezwa. Ni mjusi mkubwa wa jangwani, mnene, mwenye mkia wa miiba mifupi, achimbaye shimo refu ardhini na kula majani. Shimo lake limetajwa katika hadithi mashuhuri inayotuonya tusifuate nyayo za waliotutangulia hata wangeingia katika shimo la dhabb. Na nyama yake imetajwa katika nyingine, aliyoisimulia Khalid bin Walid (R.A.). Siku hiyo Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa Bi Maimuna, na dhabb wa kuchoma akaandaliwa. Alipoambiwa ni nyama gani, Mtume akaurudisha mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Jibu likawa si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, basi nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume akimtazama. Kwa hadithi hiyo, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema dhabb ni halali, na Wahanafi wakamkirihi.

Na elimu ya leo inasemaje juu ya dhabb? Inasema yumo katika ukoo wa agama. Yeye na mjusi wa kichwa chekundu wa Likoni ni watu wa mlango mmoja. Alama kubwa ya ukoo huu imo kinywani: meno hayakuchomekwa katika mashimo ya taya kama yetu, bali karibu yote yameota juu ya ukingo wa mfupa na kushikamana nao yakawa kitu kimoja. Mwingine mwenye meno kama hayo ni kinyonga, ndiye binamu wa karibu kabisa wa ukoo huu. Ukoo wenyewe una aina zaidi ya 500, zilizoenea Afrika, Asia na Australia. Wamo wanaoishi mchangani, wamo wa mawe, wamo wa miti, na katika misitu ya Asia ya kusini na mashariki wamo wenye mbavu ndefu zinazofunguka kama mwavuli, warukao kutoka mti hadi mti.

Simwambii mtu yeyote ale mjusi wa ukutani. Hukumu ya kula waulizwe maulamaa. Nasema jambo moja tu: aliyetajwa katika habari ya moto si huyu. Tunampiga mawe kwa jina la mwingine.

HATA WATAALAMU WALICHANGANYA

Mtu asidhani kwamba kosa la kuwapa wengi jina moja ni la wasiosoma tu. Wasomi wakubwa wa Ulaya walilifanya kwa zaidi ya miaka 200, na kisa chake kina mafunzo.

Mwaka 1758 bingwa wa Sweden, Carl Linnaeus, aliyebuni utaratibu wa kuwaita viumbe kwa majina mawili mawili ya Kilatini, alimwandika mjusi wa ukoo huu, na penye makao yake akaandika Amerika. Amerika hakuna agama wa asili hata mmoja. Tangu hapo kila mjusi wa kichwa chekundu aliyeonekana barani Afrika, kutoka Senegali hadi pwani yetu, akaingizwa katika jina lile lile, Agama agama. Aliyekuwa na mkia wa namna hii na mwenye mkia wa namna ile, wa koo jekundu na wa koo la mistari, wote wakawa mmoja.

Mwishoni mwa karne ya 19 wako waliotilia shaka. Mwaka 1896 George Boulenger wa London alimtenga wa kwetu akampa jina Agama lionotus, lakini wengi waliokuja baadaye wakaendelea kumrudisha katika lile kapu moja. Ni karne hii ya 21 ndipo kapu lilipopinduliwa. Wataalamu walianza kulinganisha si rangi na magamba tu, bali pia chembe za urithi, ile hati ambayo kila kiumbe ameibeba ndani ya mwili wake tangu kuumbwa kwake na ambayo haifutiki kwa jua wala kwa mvua. Philipp Wagner na Wolfgang Böhme wa jumba la makumbusho la Bonn, Ujerumani, waliongoza kazi ya kurudisha majina kwa wenyewe. Mwaka 2009 walipendekeza jina la kale la Linnaeus libaki kwa mjusi wa Kameruni. Mwaka 2014 Adam Leaché wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichora mti wa nasaba wa agama wa Afrika, nao wakahesabu aina 45. Lile lililodhaniwa kuwa nyumba moja likawa mtaa mzima.

Madereva wa malori wa Changamwe watapenda kusikia kwamba mmoja wa majirani hao wapya alipatikana mwisho wa safari yao. Mwaka 2005 alitangazwa mjusi wa aina isiyojulikana kabla yake, kutoka Malaba, pale pale penye mpaka wa Uganda ambapo malori hupanga foleni siku kucha. Aliitwa Agama finchi, na miongoni mwa walioandika habari zake ni Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Watu wangapi walisimama Malaba wakisubiri karatasi za forodha, na yeye yuko juu ya jiwe anawatazama, wala hakuna aliyejua kuwa hana jina?

Yule wa mtini, mwenye kichwa cha buluu, naye ana kisa chake. Mwaka 1894 Albert Günther wa London alimpa jina la J. W. Gregory, yule mwanajiolojia aliyepita nchi hii mwaka 1893 na kuyapa umaarufu mabonde ya Ufa. Baadaye jina hilo likamezwa. Mjusi wetu wa pwani akahesabiwa kuwa ni yule yule wa Afrika Kusini. Mwaka 2018 kundi la wataalamu, akiwamo Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro, mashariki ya Kongo, walionyesha kwamba waliokuwa wakiitwa mmoja ni wengi, na mjusi wa mti wa upande wetu akarudishiwa jina lake, Acanthocercus gregorii. Kwa kuwa wengi humwogopa, naongeza neno hili: akikabwa hufunua kinywa na aweza kuuma, lakini hana sumu ya kumdhuru mwanadamu.

Tumefunzwa kwamba baba yetu Adamu alipewa elimu ya majina kabla ya kazi nyingine yoyote. Ukitafakari utaona hekima yake. Asiyejua jina la kitu hawezi kukihukumu kwa haki, wala hawezi kujua siku kitakapotoweka.

ANAPOINAMA ANASEMA NINI?

Tumelijibu shtaka la kwanza. La pili ni la kuwadhihaki wanaosali.

Mtu aliyekaa akamtazama mjusi huyu kwa subira kuliko wengi ni Vernon Harris, aliyekuwa Ibadan, Nigeria, na mwaka 1964 akatoa kitabu kizima juu ya maisha ya agama wa huko. Kinachoonekana Ibadan kinaonekana pia juu ya kuta za Kisauni. Dume mwenye rangi kali ni kama jimbi wa uani. Ana eneo lake, ana majike kadhaa, na wapo madume wadogo waliofifia rangi wanaoruhusiwa kukaa pembeni almuradi wasijitutumue. Kuinama kwake na kuinuka ni tangazo. Akiinamisha kichwa polepole, anasema yupo na pahala ni pake. Akiona dume mgeni huharakisha, huinua kifua kwa miguu ya mbele, huvimbisha koo, na rangi zake hubadilika. Mgeni asipoelewa, hupigana kwa kuchapana mikia. Na kwa jike huinama kwa namna nyingine, ya kubembeleza.

Kwa hiyo anachokisema hakimhusu mwanadamu kabisa. Na lau angekuwa anawadhihaki wanaosali, angekuwa mvivu wa kupindukia katika kazi hiyo. Alfajiri yuko ufani, mwili umepoa, hawezi hata kukimbia, sembuse kutikisa kichwa. Magharibi anatafuta malazi, Isha amelala. Jua la mchana likizidi huingia kivulini. Ni dhihaka gani hiyo ya kukosa sala tatu katika tano?

Rangi yake nayo hufuata jua. Usiku dume mwekundu hufifia akawa wa kahawia kama majike. Asubuhi akiota jua, rangi humrudia kidogo kidogo, kama taa ya chemni inayopandishwa utambi. Damu yake haina moto wake yenyewe kama yetu. Joto hulikopa kwa jua na kwa jiwe, ndiyo maana anapenda kuta na mawe. Akishapata joto huanza kuwinda. Chakula chake kikubwa ni siafu, sisimizi, mchwa, mende na panzi. Hesabu mwenyewe faida aipatayo mwenye nyumba iliyo na mjusi kama huyo ukutani, bila ya kununua dawa ya mkebe dukani.

Wengine wamejifunza kwake mambo ambayo hatukuyadhania. Huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Thomas Libby na Robert Full waliwarusha agama wa kichwa chekundu kutoka kwenye jukwaa dogo hadi ukutani, wakiwapiga picha za mwendo wa haraka. Walipoweka jukwaa la utelezi, miguu iliteleza na mwili ukaanza kupinduka kichwa chini. Lakini mjusi aliuinua mkia juu, na mwili ukajisawazisha hewani kabla ya kufika ukutani. Wakaunda kigari cha mashine chenye mkia, kikafanya vivyo hivyo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Mtoto anayemrushia jiwe na kumkosa, amekoswa na hesabu ambayo mafundi wa Marekani waliigiza kwa chuma.

SIRI YA MAYAI YA DAKAR

Nimefika katika jambo lililo zito kuliko yote, na ambalo laiti lingejulikana zaidi huku kwetu, maana liligunduliwa Afrika, katika mji wa Waislamu, juu ya mjusi wa kawaida wa ukutani.

Mwaka 1966, huko Dakar, Senegali, mtaalamu aitwaye Madeleine Charnier alichukua mayai ya agama akayatamiza katika joto mbalimbali. Yaliyowekwa pahala pa joto la chini yalitoa takriban majike matupu. Joto lilipopanda, yakatoa madume. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuripoti kwamba katika mnyama mwenye magamba, joto la mchanga ndilo linaloamua mtoto atakuwa dume au jike. Haikupewa uzito mkubwa wakati huo. Baadaye ilipoonekana kuwa kobe na kasa nao wana siri kama hiyo, ndipo watu wakakumbuka habari ya Dakar.

Wavuvi wetu wanawajua kasa. Kwao mambo huenda kinyume: mchanga wa moto huzaa majike, wa baridi huzaa madume. Kwa agama wa Dakar moto huzaa madume. Lakini hatari ni moja. Mchanga ukizidi kupata joto mwaka baada ya mwaka, upande mmoja utajaa na mwingine utapungua, na nyumba isiyo na mke haizai, kama isivyozaa isiyo na mume.

Jike wa agama hutaga mayai yake machache katika shimo alichimbalo mwenyewe kwa pua na makucha, kwenye udongo wenye unyevunyevu unaopata jua. Hayatamii, huyafukia akaenda zake. Malezi yote ameuachia udongo. Basi udongo ule ukiwa mzuri watoto watatoka salama, na ukiharibika hakuna mama wa kuwahamisha.

NA UDONGO WETU UKOJE?

Tazama sasa bara yetu hii ya Mombasa. Likoni ya mashamba ya minazi na mikorosho inakuwa mji. Njia kuu ya Dongo Kundu imekata mapori na mikoko. Kisauni, toka Mlaleo hadi Mtopanga na Kiembeni, nyumba zimebanana hata mtu hupita ubavu. Changamwe ni makontena na lami. Sisemi watu wasijenge. Watoto wetu walale wapi? Nasema kwamba ua uliopigwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta hauna pahala pa kuchimba shimo la mayai, na mwembe ukikatwa, kivuli kilichokuwa kikipoza udongo kimekwenda nao. Mjusi wa mawe aweza kuvumilia kuta zetu. Yule wa kichwa cha buluu, ambaye mti ndio nyumba yake, atakwenda wapi?

Tena yuko adui mwingine tuliyemleta wenyewe. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, na kufikia 1947 ameshaonekana Mombasa. Leo hula makinda ya ndege, mayai na watoto wa mijusi, hata mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Taka tunazozitupa ovyo ndizo zinazomnenepesha kunguru. Na kunguru aliyenenepa ndiye anayewamaliza walao mchwa wetu.

Lakini bara hii hii ina mfano mwema. Pale Bamburi, katika mtaa wa Kisauni, mawe ya matumbawe yalianza kuchimbwa kwa ajili ya saruji mwaka 1954, yakabaki mashimo makubwa meupe yasiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje katika mashimo yale. Majani yake yaliyoanguka hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta wadudu, na wadudu wakaleta walao wadudu. Leo ni msitu watu wanaoulipia kiingilio kuutembelea. Kama jongoo, ambaye sisi tukimwona twamsukuma kwa kiatu, ametengeneza msitu juu ya jiwe tupu, nani atakayethubutu kusema mjusi hana kazi?

Sihitaji kumwomba mtu afuge mjusi. Naomba mambo matatu mepesi. Maalimu wa vyuo wawafunze watoto tofauti ya wazagh na huyu wa mchana, kwa sababu ni sehemu ya kuifahamu hadithi yenyewe sawasawa. Mwenye kujenga abakishe japo mti mmoja na kipande cha ardhi kisichofunikwa saruji. Na wanafunzi wetu wa sekondari za Likoni, Changamwe na Kisauni, wanaodhani kwamba utafiti ni jambo la Ulaya na Marekani, wachukue daftari na saa, wakae mbele ya ukuta wa jua, waandike: madume wangapi, majike wangapi, mwezi gani mayai yanatagwa, mwaka huu na mwaka ujao. Mjusi wa Malaba alingoja juu ya jiwe lake hadi 2005 ndipo akapata jina. Hakuna ajuaye kuta za Mtongwe na miembe ya Mlaleo zimeficha nani.